Adabu Nusura Ifunge Maabara

Watu wa Khon Kaen, huku Thailand, tuna ugonjwa mmoja ambao hata mashine yetu ya kusoma jenomu haiuoni: kuona haya kumsumbua mtu. Mgeni akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayemwomba radhi kwa kuuweka pale. Mimi ugonjwa huo ulinipita kando. Nimekulia kwenye kibanda cha samaki wa kuchoma, stendi ya mabasi, na pale ukiona haya unalala na njaa. Ndiyo maana Mwalimu Rachani, mkuu wa maabara yetu, ananipenda na kuniogopa kwa kipimo kilekile.

Mwaka ule fedha za utafiti zilikuwa za ubia. Nusu ingetoka serikalini, kwenye baraza moja la utafiti kule Bangkok, na nusu kwa Wajapani wa Profesa Kuwabara. Baraza lilishakubali, ila kwa sharti: mkataba uwe na sahihi za pande zote mbili kabla mwaka wa bajeti haujafungwa, siku ya mwisho ya Septemba. Usipofika, fedha zinarudi hazina, nasi tunarudi makwetu.

Mimi kurudi kwetu ningevumilia. Samaki bado wanachomwa. Aliyeninyima usingizi ni Mama Samrit, mkulima wa mpunga. Mwanawe mdogo ana thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kila mwezi anaongezwa damu. Aina yao haionekani kwa kipimo cha kawaida cha hospitali. Lazima usome jenomu ya familia nzima, yaani urithi wao wote ulioandikwa mwilini, halafu uilinganishe na za maelfu ya watu wengine, na hizo za wengine wanazo Wajapani. Sasa binti yake mkubwa, Duangchai, alikuwa na mchumba, lakini alikataa katakata kupanga harusi mpaka ajue kama watoto wake nao watazaliwa na ugonjwa ule. Damu yao tulishaichukua. Imelala kwenye friji, inangoja fedha.

Ikafika hiyo siku ya mwisho. Kutoka Japani, kimya.

"Mwalimu, umemkumbusha Profesa?" nikauliza.

"Nimemwandikia. Nimemuuliza hali ya goti lake."

"Goti?"

"Alifanyiwa upasuaji. Chompu, yule mzee alimfundisha aliyenifundisha mimi. Unataka nimwambie nini? 'We mzee, fanya haraka'?"

"Ehee. Hivyohivyo."

"Wewe ulilelewa na samaki," akasema.

Mchana tulikuwa na kikao cha video na Profesa, kile cha kila wiki. Nikasema moyoni, hapa ndipo. Wapi! Profesa aliinamisha kichwa, Mwalimu akaunganisha viganja kifuani. Profesa akauliza kama mvua zimepungua Khon Kaen. Mwalimu akasema zimepungua, je, goti? Goti halijambo. Je, wazazi wa Mwalimu? Hawajambo. Wakatabasamu, wakaanza kuagana. Wanaagana! Na baraza linafunga saa kumi na nusu jioni!

"Profesa, samahani," nikadakia. "Mimi ni Chompu, adabu yangu mbovu tangu utotoni. Mkataba unatakiwa leo, na sahihi yako hatujaiona. Kuna mahali tumekukosea?"

Mwalimu alinifinya paja chini ya meza, na kucha anazo.

Profesa alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi. Akashika ukingo wa meza, akajiinua taratibu, akatoka. Kwenye skrini kikabaki kiti kitupu na kalenda ya ukutani.

"Umeniua," Mwalimu akanong'ona. "Ameondoka. Mzee wa watu ameinuka na goti lake bovu ili asiuone uso wako."

Dakika zikapita, kiti bado kitupu. Akilini nilimwona Duangchai akimrudishia yule kijana pete yake, na sababu ni mdomo wangu. Nikaanza kupanga namna ya kuomba radhi kwa Kiingereza, lugha ambayo naijua kwa kuombea fedha tu.

Mara tukasikia mguu unaburuzwa. Profesa akakaa, anahema, akaweka mezani kisanduku kidogo. Ndani mlikuwa na muhuri wa jina lake, ambao kwa Wajapani ndio sahihi, na wino mwekundu.

"Ulikuwa ofisi ya mwisho kabisa, huko kwa katibu," akasema. "Kila asubuhi namuuliza, 'Wenyeji wamekwisha kutia sahihi?' Ananijibu, bado. Mgeni hawezi kumtangulia mwenye nyumba. Nikadhani mmebadili nia. Nikaona haya kuuliza."

"Profesa!" Mwalimu alishika mashavu. "Mimi niliiacha nafasi yangu wazi makusudi, mkubwa atangulie!"

"Basi mmesimama mlangoni," nikasema, "kila mtu 'tangulia wewe', 'hapana, wewe', na mvua inawanyeshea wote."

Nilifinywa tena, lakini safari hii kwa upole. Profesa alicheka mpaka miwani ikamtoka. Akaugonga muhuri kwenye mkataba, akauonyesha mkataba kwenye kamera, akautuma. Mwalimu akatia sahihi yake, akaupeleka Bangkok kwa barua pepe. Kisha tukampigia Bi Naruemon wa lile baraza la utafiti.

"Umefika, uko kamili," akasema. "Loo, afadhali! Nimeshika simu tangu asubuhi, naona haya kuwapigia."

Nililaza kichwa mezani. Mwalimu Rachani alikaa sakafuni, mkuu mzima wa maabara, akavuta pumzi moja ndefu, akacheka huku anafuta machozi kwa kola ya koti. Kisha akampigia Mama Samrit, akaiweka simu kwenye spika.

"Mama, fedha zimepatikana. Wiki ijayo tunaanza kuwasoma. Na tutakuja kuchukua damu ya mchumba wa Duangchai, maana mtoto ni wa wawili."

Upande wa pili tulisikia sufuria inaanguka. "Duangchai! Duangchai we! Wanaanza!" Kukawa na vifijo, mbwa akabweka, mtu akapiga makofi. Kisha Mama Samrit akarudi, pumzi zimemwishia.

"Njooni, mwanangu, wali upo. Ila safari hii mlete mtu mwingine wa sindano. Yule Chompu alimtafuta mume wangu mshipa kama anayetafuta kaa matopeni."

"Mama, simu iko wazi. Nakusikia."

"Najua. Ndiyo maana nasema kwa sauti."