Meza ya Mke Mkubwa

Ijumaa ile ya oktava, juma la kwanza la Pasaka, Cresensia alitandika meza tangu saa mbili asubuhi, na hata saa nne katekista alikuwa hajafika. Kitambaa cheupe alikipiga pasi ya mkaa mara mbili. Juu yake akaweka msalaba, mishumaa miwili, maji ya baraka, glasi ya maji safi, na maua mekundu aliyoyachuma ukingoni mwa shamba la mbaazi, maana masika ilikuwa imekolea Endabash na kila kijiti kilikuwa na ua. Mpita njia angedhani kuna harusi. Harusi gani! Meza ilikuwa ya kumpokelea Yesu, ambaye kila Ijumaa alikuja kwa pikipiki, katika kifuko kilichoning'inia kifuani mwa katekista Emmanueli, kumkomunisha mgonjwa kwa mkate mtakatifu.

Mgonjwa alikuwa Martha, mke mkubwa. Cresensia ni mke mdogo. Na hapo ndipo penye kidonda, basi tukitaje mapema tusije tukazungukazunguka: Martha alifunga ndoa na Mzee Hhando kanisani, mbele ya padre na mashahidi. Cresensia hakufunga, wala asingeweza kufunga mwenzake akiwa hai. Kwa hiyo Yesu akiingia nyumba ile alimtembelea mmoja, na yule aliyepiga pasi kitambaa alipiga magoti karibu na mlango akitazama. Miaka ishirini na saba hakukomunika wala kuungama. Hhando naye alizuiliwa, lakini yeye hakujali sana. Alikwenda kanisani Krismasi na Pasaka, akasimama nje na wanaume wenzake wakiongelea bei ya mahindi.

Nanyi msije mkamwona mwanamke huyu mwizi wa waume. Alitoka Singida akiwa na miaka ishirini, kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Karatu, rozari shingoni, kipaimara amepata. Martha ndiye aliyemfuata. Alikuwa amekaa kwa Hhando miaka kumi na miwili bila mtoto, na ndugu wa mume walikwisha kumtafutia mzee msichana, mwenye mdomo huyo, usiombe. "Bora nichague mwenyewe," Martha alisema, akaenda kambini kwa vibarua na kibuyu cha maziwa. "Njoo unizalie. Nitakuwa dada yako." Akawa dada kweli, hilo hakuna anayelipinga. Piusi na Edna walilelewa na mama wawili hata hawakuona haja ya kuuliza ni yupi aliyewazaa. Martha aliungama kosa lake la kumletea mume mke wa pili, akasamehewa, akarudi kwenye foleni ya komunyo. Cresensia aliambiwa abaki kwenye benchi, akabaki.

Kwa nini hakuondoka? Ee, ni rahisi kuuliza ukiwa umeshiba. Alipotaka kuondoka Piusi alikuwa ananyonya. Piusi alipoachishwa ziwa, Edna alikuwa tumboni. Wanawake wa jumuiya walimwambia, "Vumilia, Mama Piusi," wakaenda zao kupokea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Saratani ya koo ilimshika Martha mwaka jana wakati wa mavuno. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakasema mpelekeni nyumbani, mpeni uji mwepesi na dawa ya maumivu. Tangu hapo kazi ikawa ya Cresensia: kumwogesha, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko cha chai. Na wale wale wa jumuiya, ulimi hauna mfupa, wakaanza kumnong'oneza bombani: "Yako inakaribia, mwenzetu. Mzee akifiwa tu, padre anabariki ndoa." Walisema wakicheka, ati wanamfariji. Siku moja Cresensia alimwaga ndoo nzima ya maji akaondoka bila kuaga. Hakuudhiwa na maneno yao. Aliudhika kwa sababu aliwahi kuyawaza mwenyewe, akipepeta mahindi, na siku hiyo alijichukia hata chakula hakikupita.

Katekista alifika saa tano, tope hadi magotini.

"Kristo amefufuka!"

"Amefufuka kweli kweli," wakajibu, Hhando naye, aliyekuwa ameketi miguuni pa Martha na kofia mkononi.

Emmanueli alisali kwa kifupi, akamega kipande kidogo cha hostia, huo mkate mtakatifu, akakiweka kwenye ulimi wa Martha. Akamwonyesha glasi ya maji. Martha akatikisa kichwa kukataa. Wakati wanaimba ubeti wa Pasaka Martha alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga, kama afanyavyo mgonjwa yeyote, na hakuna aliyemwangalia mara mbili. Katekista hakungoja hata chai. Alikuwa na wagonjwa wengine upande wa Baray, na korongo lilikuwa linajaa. Hhando akamsindikiza hadi barabarani.

Cresensia alikuwa anazima mishumaa aliposikia sauti ile iliyobaki mkwaruzo mtupu.

"Mama Piusi. Njoo."

Martha alifungua upindo wa kanga. Ndani yake kilikuwepo kile kipande, kimelowa pembeni tu, bado kizima.

"Chukua," alisema. "Nimekufungia."

Lazima muelewe jinsi hawa wawili walivyoishi. Aliyekwenda kwenye sherehe hakula peke yake. Nyama ya harusi, pande la keki ya ubarikio, hata ubwabwa wa msibani, vyote vilirudi nyumbani ndani ya upindo wa kanga ya mmoja kwa ajili ya mwenzake. Miaka ishirini na saba hawakuruka hata mara moja. Martha hakuona anafanya jambo geni. Alikuwa amekwenda karamuni, akamkumbuka mdogo wake.

Cresensia akakaa chini.

"Dada, umefanya nini?"

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Mimi ndiye niliyekuziba. Unadhani sisikii wanayoyasema? Watu wazima wanangoja nife ndipo wewe ule." Akapumzika, akavuta hewa. "Sitaki ule juu ya kaburi langu. Kula sasa, nikuone."

Alitaka! Tuseme kweli, maana hapa hakuna padre: alitaka mpaka mate yakamjaa mdomoni. Kilikuwa pale, urefu wa mkono, na Hhando alikuwa barabarani. Lakini binti yule wa Singida aliyefundishwa kwa fimbo kwamba apokeaye isivyostahili anakula hukumu yake alikuwa bado yumo ndani yake. Na zaidi ya hofu kulikuwa na jambo jingine. Miaka yote hiyo alingoja mlangoni kwa heshima zake; leo aingie kwa dirisha?

"Siwezi, Dada."

"Hata kwa mkono wangu?"

"Siwezi. Nisamehe. Kula mwenyewe, tafadhali, kula."

"Nimeshakupa wewe," Martha alisema, akakiacha mkononi mwa Cresensia. Kisha akageuza uso ukutani.

Cresensia alikiweka kwenye kitambaa cha mezani, akatoka hadi nyuma ya zizi ambako mtandao hupatikana, akampigia Emmanueli. Aseme nini? Aseme Martha ameuficha Mwili wa Bwana kwenye kanga kama pande la nyama? Kufikia Jumapili kigango kizima kingekuwa kimejua, na mwanamke yule angezikwa na jina hilo.

"Katekista, Dada ameshindwa kumeza. Ametema."

Emmanueli akamwelekeza: "Weka kwenye glasi ya maji safi. Ikishayeyuka yote, mwaga kwenye udongo mahali pasipokanyagwa." Kisha akaongeza kwa upole, naye ni mtu mpole: "Pole sana, mama. Basi sitamletea tena. Hatuwezi kumweka Bwana mahali pa kutemwa. Nitamwomba Padre Nikolaus aje kumpaka mafuta."

"Lakini uji anameza!" Cresensia akadakia. "Asubuhi hii amemeza."

"Uji ni uji, mama."

Simu ikakatika. Alipiga tena mara tatu, Emmanueli alikwisha kuteremkia bondeni kusiko na mtandao. Akarudi ndani akakitia kile kipande kwenye glasi, kama alivyoagizwa. Angempata jioni, angempata kesho, lakini kila alipoishika simu aliona ni lazima kwanza aseme ukweli wote, na ukweli wote ulikuwa na jina la Martha. Akamlindia heshima dada yake, akamnyima chakula cha Bwana. Yote mawili aliyafanya kwa neno moja, na hakujua la kulifuta.

Ijumaa iliyofuata Martha alikuwa amepungua sana. Aliangalia kona ya chumba.

"Hujatandika."

"Korongo limejaa," Cresensia alisema, akijishughulisha na mto.

"Pikipiki imepita asubuhi. Nimeisikia." Martha akafumba macho. "Amejua nilichofanya. Ananiadhibu."

"Hapana, Dada! Naapa hajui. Hajui chochote."

"Basi Yesu anajua."

Cresensia alimwambia Yesu hayuko hivyo, alimwambia Yesu ni huruma tupu, alimwambia yote aliyowahi kuyasikia kwenye mahubiri, akilia, akiwa amemshika miguu iliyopoa. Lakini nani anamsadiki mtu aliyekataa kula anapokwambia chakula ni kitamu? Martha alimpapasa kichwani mara moja, kama anayembembeleza mtoto anayesema asiyoyajua. Cresensia akatoka mbio hadi nyuma ya zizi, safari hii aseme liwalo na liwe. Simu ya Emmanueli haikupatikana. Padre alikuwa kwenye vigango vya mbali, njia imekatwa na mvua, aliahidi Jumatatu. Martha alikata roho Jumamosi mchana, uji ukiwa bado vuguvugu kwenye kikombe.

Jumatatu hiyo padre alifika kweli, akazika. Injili ya Emau ilikuwa imesomwa jana yake, naye akaiunganisha na mahubiri ya msiba: wale wafuasi walimtambua Bwana katika kuumega mkate, na huyu mama yetu alimpokea kila Ijumaa hadi mwisho wa safari yake. Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Emmanueli akatazama chini. Cresensia alitaka kusimama apige kelele, akabaki ameshika ukingo wa jeneza.

Wiki ya pili baada ya mazishi Padre Nikolaus alipita nyumbani. Alikuwa mchangamfu, alileta na sukari.

"Mama Piusi, umevumilia sana. Sasa hakuna kizuizi. Utaungama, tutabariki ndoa yenu, na Pentekoste utapokea na wenzako. Ongea na mzee tu."

Cresensia alisikia neno moja: utaungama. Kumbe lipo tundu moja katika ukuta huu. Kipo kiti ambacho atapiga magoti pembeni yake, aseme, Padre, dada yangu alinipa nikakataa, kisha nikasema uongo, na kwa uongo huo akafa akidhani Mungu amemkasirikia. Na padre hatamwambia mtu. Usiku huo alilala, mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi alimkuta Hhando ananoa panga na hakuna cha kukata.

"Padre anasema Pentekoste," alianza.

"Nimemsikia. Siendi."

"Baba Piusi?"

"Siendi." Mzee hakuinua uso. "Martha hajamaliza mwezi ardhini. Nisimame na wewe mbele ya watu wale wale waliokuwa wanamhesabia siku? Waseme tulikuwa tunangoja? Nilimkosea mara moja akiwa hai, nilipokubali uletwe, akanyamaza. Simkosei tena akiwa amekufa. Si Pentekoste, si Krismasi, si mwaka kesho."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Umekaa miaka yote hii bila. Umeshazoea."

Ungemsikia ungesema ni katili. Lakini machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya panga, na Cresensia, aliyempenda Martha kuliko hata mzee alivyompenda, aliona kwamba kila neno la mzee ni kweli. Bombani wangesema. Wangeanza siku hiyohiyo. Lakini bila ndoa padre asingemwungamisha.

"Nina jambo la kuungama," alisema kwa sauti ndogo.

"Jambo gani?"

Alifungua kinywa. Hhando alimtazama, mzee wa miaka sabini na miwili asiyebakiwa na kitu ila kumbukumbu ya mke aliyekufa vizuri, mke aliyempokea Bwana kila Ijumaa hadi mwisho. Cresensia akafunga kinywa.

"Jambo tu."

"Basi mwambie Mungu, yuko kila mahali." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Alitafuta la kumfariji, masikini, na akaona amelipata. "Halafu mimi nami nimezeeka, Mama Piusi. Presha inapanda kila siku. Hutangoja sana. Nikifa mimi utakuwa huru kabisa, hutahitaji hata ndoa."

Alisema kwa wema wake wote. Cresensia aliingia ndani akatafuta zile dawa za presha ambazo mzee alikuwa ameacha kuzinywa tangu msibani, akamletea, akasimama mbele yake mpaka akazinywa, huku akimwomba Mungu amweke miaka mingi, akilia kwa sababu alijua anachokiomba.