Damu ya Kitovu Iliyozikwa Kartie ya Tano

Massoudi alikuwa na miaka ishirini na tisa, mke, ndevu na karakana ya umeme wa magari, lakini nyumbani kwao, mtaa wa Ngagara, Kartie ya tano, hakuwahi kuamua jambo. Rangi ya mlango ilichaguliwa na mama yake, Sijaona. Kitanda anacholalia, Sijaona. Mke, Saliha, alimpenda mwenyewe, hilo tumpe, ila alichelewa kulisema, na mama yake alipotangaza posa, yeye akaonekana kama katumwa. Basi mimba ya Saliha ilipotimiza miezi saba, Massoudi akaapa kimoyomoyo: kwa huyu mtoto, kitu kimoja, hata kikiwa kidogo kama msumari, nitaamua mimi.

Kitu chenyewe kilikuja na Bonfils.

Bonfils alikuwa wakala wa kampuni ya nje. Nje ya wapi, hata yeye hakuwa na hakika. Zamani aliuza sola, kisha bima, na kote huko alivaa shati lilelile. Alimweleza Massoudi akiwa ameegemea gari la mteja: mtoto akizaliwa, kwenye kitovu hubaki damu, na damu hiyo ina chembe changa zinazoweza kutibu maradhi mazito. Isipotunzwa hutupwa.

"Iko njia mbili, mukubwa. Ya kwanza, privé. Inaandikwa jina ya mutoto wako, inakaa kwenye baridi, mwingine haigusi. Ya pili, ya watu wote. Unaitoa, na mugonjwa yeyote inayemufaa anapewa, hata hamujuane."

"Privé," akasema Massoudi.

"Sijamaliza kueleza."

"Privé."

Saliha ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo hakuamini kitu mpaka akiulizie. Akamuuliza daktari, akarudi na jibu wakati wa kula.

"Mutoto akizaliwa na ugonjwa kwenye damu, hiyo uliyoficha nayo iko nao. Ni kama kuweka akiba ya moto, siku nyumba ikiungua uizime nao. Tuitoe tu. Iko watoto wa watu wanaingoja."

"Lakini itakuwa yetu."

"Kule garage uko na betri ngapi zimekufa, unasema ni zetu?"

Kumi na moja. Massoudi akaendelea kula.

Sijaona alikuwa akichambua samaki bila haraka. "Damu ya kitovu inakaa na kondo, na kondo inakaa nyuma ya jikoni. Ya Massoudi iko palepale. Muliona alitoroka?"

Hakuna aliyeweza kusema kwamba alitoroka.

Bonfils aliacha sanduku jeupe la barafu, lenye kifuniko cha kubana, akasema fomu itajazwa siku ya kujifungua. Siku hiyo ikawa Ijumaa asubuhi, na mtoto akawa wa kike. Mkunga, Odette, aliivuta damu ya kitovu kwenye kifuko chake, akakifunga, akakilaza ndani ya sanduku na kumkabidhi Massoudi kwenye korido.

"Usiliache."

Hakuliacha, mpaka alipoitwa kumwadhinia mtoto sikioni. Akaliweka kwenye benchi, ubavuni mwa mama yake. Adhana aliisoma polepole, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mtu wa familia ile kwenye jambo, na mtoto hakubisha. Alipotoka, benchi lilikuwa tupu. Sanduku hakuna, mama hakuna.

Ilikuwa hivi. Odette alileta kondo la nyuma ndani ya mfuko, kama anavyoyaleta kila siku kwa familia zinazoyaomba. Sijaona alikuwa amekuja na ndoo ya kulibebea. Akaitazama ndoo, akalitazama sanduku: jeupe, safi, lenye heshima. Akalifungua, akakuta kifuko cha damu, akahitimisha kwamba ni ya mtoto yuleyule, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Akaviweka pamoja, akafunga, akapanda teksi.

Bonfils alipofika, ilibidi Massoudi aende naye Ngagara mbio. Walimkuta Sijaona bombani, ananawa mpaka viwikoni.

"Mama, lile sanduku liko wapi?"

"Nimezika."

"Na damu?"

"Si ilikuwa ndani? Mulitaka nizike nusu?"

Bonfils akakaa chini, na lile shati lake. Akauliza shimo lina kina gani. Akaambiwa, la goti. Akahesabu kwa vidole: barafu bado ipo, kifuko kimefungwa, ndege ni ya jioni. Kikitoka sasa hivi, huenda kikawahi. Kama damu inafaa au haifai, maabara watasema wenyewe.

"Kondo haifukuliwi," akasema Sijaona. "Toka enzi za mama yangu haijafukuliwa."

Massoudi akamtazama mama yake. Akalitazama jembe lililoegemezwa ukutani. Akalichukua.

"Mama, nafukua."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Sijaona akafunga bomba, akaja kusimama kando yake. Massoudi akapiga jembe. Akapiga tena. Udongo ukamfika magotini, na sanduku halionekani.

"Kushoto zaidi," akasema mama yake.

Lilikuwa kushoto. Bonfils akatoa kifuko, akakigeuzageuza kwenye mwanga, kizima. Kondo likarudishwa ardhini, na Sijaona akalifukia kwa mikono yake mwenyewe. Sanduku aliliomba abaki nalo. Akanyimwa, na mpaka leo analitaja.

Ikabaki fomu, na fomu ilitaka saini ya aliyezaa. Wakarudi hospitali. Saliha alikuwa ananyonyesha. Akaipokea kalamu, akaviangalia vijisanduku viwili vya kutia alama, kisha akamwangalia mumewe, aliyekuwa na tope mpaka mapajani.

"We unasemaje?"

Massoudi akageuka kuona nani kasimama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Mi?"

"Si we ndiye umeifukua?"

Jibu alikuwa nalo miezi miwili, neno moja tu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama binti yake, ambaye hajamaliza hata siku moja duniani na tayari ana sehemu yake imefukiwa nyuma ya jikoni.

"Tuitoe," akasema. "Ya watu wote."

Bonfils akaguna kama mtu aliyekanyagwa. Kamisheni yake ilikuwa kwenye kile kijisanduku kingine.

"Nini imekubadilisha?" Saliha akauliza.

"Huyu mutoto awe na kitu kimoja mahali mama yangu hapajui, na mi sipajui."

Saliha akatia alama upesi, akasaini, na Bonfils akashuka ngazi na sanduku lake kabla Sijaona hajafika na uji.