Tiba ya Mzee Mwishehe na Mkewe

Margareth alipofika Kisarawe kwa mafunzo ya vitendo, hakuomba meza wala kiti. Aliomba familia yenye matatizo. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya ustawi wa jamii katika chuo kimoja cha Dar, na kule kwao Misugusugu, Kibaha, baba yake alishawatangazia wanajumuiya wenzake kwamba binti anakwenda kuponya ndoa za watu. Sasa ili aziponye, ilibidi kwanza zipatikane zinazoumwa.

Shirika lililompokea liliitwa Tuzungumze. Lilikuwa na vyumba viwili, bango pana kuliko vyumba vyenyewe, na mkuu wake, Bi Fadhila, aliyekuwa amepokea wanafunzi wa kila aina mpaka akaacha kushangaa.

"Nahitaji familia iliyokatika mawasiliano," Margareth alimwambia. "Msimamizi wangu anakuja mwisho wa mwezi."

"Watu wa hapa wakigombana hawaangalii kalenda," alisema Fadhila. Akafikiri kidogo. "Labda Mzee Mwishehe na mkewe. Hawasemeshani tangu harusi ya binti yao. Ila hao hawajalalamika kwa mtu."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe," alisema Margareth, na uso ukamchangamka kama wa mtu aliyepata chumba cha kupanga chenye maji ndani.

Kisa chao kilikuwa hiki. Siku ya harusi ya Naila wageni walisifia pilau, na Mzee Mwishehe akawajibu kwamba limepikwa na dada yake. Lilikuwa limepikwa na Bi Mwanahalima, mkewe, tena kwa kuni mbichi, macho yakamvimba kwa moshi. Tangu hapo wazee hao walizungumza kwa kumtuma paka. "Paka, mwambie bwana wako chai inapoa." "Paka, mwambie bibi yako naja." Chai ilinyweka, shamba lilipaliliwa, wajukuu walikuja na kuondoka. Paka naye alinenepa, kwa sababu kila aliyemtuma alimtupia dagaa.

Margareth alibisha hodi akiwa na kitambulisho shingoni.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia wote wawili kwa pamoja, naye akalihesabu hilo kuwa hatua ya kwanza ya maelewano.

Aliwakalisha mkekani wakitazamana, akamtoa paka nje, akafunga mlango. Kisha akawaeleza kwamba kila mmoja aanze na maneno "mimi najisikia", bila kumlaumu mwenzake.

"Mimi najisikia," alianza Bi Mwanahalima baada ya kubembelezwa sana, "kwamba huyu ni mwongo."

"Vizuri, mama. Ila hiyo siyo hisia."

"Kwangu ni hisia. Naisikia mpaka mgongoni."

Mzee Mwishehe akacheka. Mkewe akajikaza, akashindwa, naye akacheka. Mzee akasema basi, lile pilau alipika mke wake, na aliyesema vinginevyo ulimi ulimteleza. Kama Margareth angeaga wakati ule, leo wangekuwa wanamwombea dua. Lakini mwongozo wa chuo ulidai uwazi kamili, na yeye alikuwa mwanafunzi mwenye bidii.

"Baba," alisema kwa sauti laini aliyofundishwa, "kuna jambo jingine ulilolibeba moyoni? Ukweli unaponya."

Mzee alikuwa amelainishwa na kile kicheko. "Lipo moja," alisema. "Lile shamba la Kwala, la urithi wa mama huyu. Niliuza."

Bi Mwanahalima akaacha kucheka. "Uliniambia serikali imelichukua."

"Nilikwambia hivyo."

"Ukanunua nini?"

"Pikipiki."

"Ipi?"

"Ile iliyoibiwa."

Kwala ya leo ina bandari kavu na viwanda, na Bi Mwanahalima kila mara alipoisikia ikitajwa redioni alijipoza kwamba serikali haina ndugu. Sasa alijua mwizi wake analala upande wa ukutani. Alisema. Alisema hata ya kabla ya ndoa, na majirani wakaacha kutwanga ili wasikie vizuri. Kabla ya magharibi alikuwa na mabegi yake nyumbani kwa kaka yake, Seifu, kule Maneromango.

Siku ya pili Margareth alirudi. Alimkuta mzee akipambana na ugali uliojaa mabuje.

"Mwanangu," alisema mzee bila hasira, "huwezi kuturudisha pale tulipokuwa?"

"Baba, pale mlipokuwa mlikuwa hamsemeshani."

"Ndipo hapohapo."

Margareth alijipekua kichwani. Alikuwa na nadharia nyingi za kumtoa mtu pale alipo. Ya kumrudisha hakuwa nayo hata moja.

Msimamizi, Dakta Wilfred, alifika na gari la chuo, akashusha kioo nusu ili ubaridi usitoke. Margareth alikuwa amekusudia kukiri kila kitu.

"Dakta, yule mama ameondoka nyumbani."

"Kabla hujaingia walikuwa wanazungumza?"

"Hapana."

"Na sasa?"

"Anampigia simu kila asubuhi kumtukana."

"Yeye mwenyewe? Bila mtu wa kati?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi mawasiliano yamerejea. Mengine ni ya utafiti mwingine." Akampa alama A, akauliza korosho nzuri zinauzwa wapi. Margareth alifungua mdomo apinge. Kilichotoka ni "Ahsante, Dakta."

Sherehe ya kuhitimu kwake ilifanyika Misugusugu. Mshereheshaji alimwita Margareth daktari wa ndoa, wageni wakapiga makofi, naye akatazama sahani.

Msimu wa korosho ulipofika, Fadhila akampigia simu. Bi Mwanahalima amerudi kwa mumewe, kwa sharti kwamba mikorosho yote ya nyumbani ni yake, na wamenuniana kama zamani.

"Juzi nimewapelekea mwanafunzi mpya, Fabian," alisema Fadhila. "Walikuwa wamekaa barazani. Mama alipomwona akamuuliza mumewe, huyu si katika wale? Mzee akasema, ni katika wale. Wakaingia ndani wakafunga mlango."

"Kwa hiyo wamesemeshana," alisema Margareth taratibu.

"Ndicho anachoniuliza Fabian, kama hayo ni maendeleo. Nimemwambia amuulize msimamizi wake."