Mbuzi wa Ntheo na Gari la Mwau

Mwau si mtu wa kutulia, na asubuhi hiyo hakutulia kabisa. Alichungulia injini, akarudi kwa mbuzi, akawahesabu watatu kana kwamba mmoja angeweza kutoroka akiwa amefungwa kamba, kisha akarudi tena kwa gari. Mbuzi walikuwa wa ntheo, wale wa kufunga ndoa ya Kikamba. Wakifika Kitui kwa Mzee Muindi leo, Mumbua ni mke wake mbele ya Wakamba wote. Wasipofika, Mzee alishasema atakuja Mukuyuni mwenyewe kumchukua binti yake.

Mara mbili Mwau alikuwa ameahirisha, na mara zote kisa kilikuwa gari. Na kweli lilikuwa gari! Lakini nani angeamini? "Huyo kijana anajificha nyuma ya gari," Mzee alimwambia Mumbua kwa simu, na Mwau akasikia kila neno. Isitoshe, kwa Mzee Muindi, ntheo ambayo yeye baba mtu hajaonja nyama yake ilikuwa kupoteza mbuzi bure.

Ndiyo maana Mwau aliapa kufika na gari hilohilo. Kama lilikuwa linakohoa na kutetemeka kwa sababu injekta, zile pua za kunyunyizia petroli kwenye injini, zimeziba, basi angezitoa na kuweka nyingine, hapohapo uani, kwa mikono yake. Alikuwa ameona fundi mmoja wa Sultan Hamud akifanya.

"Si tukodi tu gari ya mtu?" Mumbua akauliza.

"Nipe saa moja."

"Saa moja yako naijua, Mwau."

Na tuseme ukweli, alianza vizuri. Alitoa fyuzi ya pampu, akawasha gari likanguruma mpaka likazima lenyewe, presha ya petroli ikaisha. Akafungua betri. Akalegeza boliti za lile bomba linalogawa petroli, akaling'oa na injekta zake nne zikining'inia kama chuchu za ng'ombe. Vile vipira vya mviringo vinavyozuia petroli isivuje vilikuwa vimekauka, na alipovichokoa kwa bisibisi vikakatika vipandevipande. Hakujali, maana vipya alikuwa navyo. Akaokota kifuniko cha ndoo kilichokuwa karibu, akavimwaga humo, akavipaka oili kidogo viingie bila kuchanika, akainama kusafisha matundu ya injini.

Kifuniko hicho, jamani, ndicho alichowalambishia mbuzi chumvi asubuhi ileile!

Beberu mkubwa aliijua sahani yake. Mwau alipogeuka, kamba ilikuwa imenyooka mpaka mwisho, beberu anatafuna polepole, macho nusu yamefumba, na kifuniko kimelambwa kikang'aa. Hakikubaki kipira hata kimoja.

"Tema! Tema, shetani wewe!" Mwau alimbana taya, akaingiza vidole, akaumwa.

Mumbua akatoka jikoni mbio. "Amekula nini?"

"Gari! Amekula gari!"

Mumbua alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauona uso wa Mwau, kicheko kikamwishia. Jua lilikuwa limepanda, na kwenda Sultan Hamud kununua vingine na kurudi kungewamalizia siku. Mwau alienda huku, akarudi kule. Labda azungushie uzi. Labda akate tyubu ya baiskeli.

"Petroli ivuje juu ya injini moto, na mimi niko ndani?" Mumbua akasema. "Mwau, niangalie. Mimi nataka kuolewa, sitaki kuchomwa."

Aibu ilimshika Mwau, akataka kulia. Akaenda kwa jirani yao Kaveke, mama mwenye pikapu ya kubebea maembe, akamwomba awapeleke wao na mbuzi wao.

Walifika Kitui jua limeshaanza kushuka. Mzee Muindi alikuwa ameketi na ndugu zake, na hakuinuka.

"Gari iko wapi?"

Mwau akamwonyesha beberu kwa kidole. "Mbuzi amekula mipira yake, Mzee."

Mjomba mmoja akakohoa. Wengine wakaangalia chini.

"Leo hata mbuzi anasingiziwa," Mzee akasema. "Chinjeni huyo mkubwa, wageni wale. Mimi sionji."

Mwau akakaa kwenye benchi. Nyama ikaanza kunukia. Mumbua alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wakiosha matumbo, na Mwau hapa mbele alijua amemkosa. Roho ilimuuma vibaya sana.

Mara vigelegele na vicheko vikasikika huko nyuma. Shangazi Kalekye, dada yake Mzee, akatokea na sinia, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Akaliweka miguuni pa Mzee. Katikati ya majani yaliyotafunwa vililala vipira vyeusi, vizima, vingi tu.

"Ai! Hii mbuzi mlinunua sokoni ama garage?" Kalekye akauliza.

Mzee aliokota kimoja, akakifuta kwa suruali, akakivuta, akakinusa.

"Hii inaingia wapi?"

"Kwa injekta, Mzee. Juu na chini."

"Na zile mara mbili za kwanza?"

"Ilikuwa gari, Mzee. Haki ya Mungu."

Mzee alimtazama Mwau. Kisha akakitia kile kipira mfukoni mwa shati.

"Kalekye," akasema, "niletee ini la huyo shahidi."