Aliye Hai Harithiwi

Salha aliteleza mlangoni akimwaga maji ya vyombo, akatanguliza mkono, na kifundo kikavunjika kama kijiti. Daktari wa Dodoma, kijana mpole, alipokwisha kumfunga plasta alimuuliza kama mama yake amepinda mgongo. Salha akainama kumwonyesha ulivyopinda, mpaka muuguzi akacheka.

“Basi hii umeirithi kwa mama,” daktari akasema. “Mifupa yenu ni myepesi, na umri ukisogea huzidi kupungua. Binti yako naye huenda anayo. Lakini asiogope. Anywe maziwa, ale dagaa, asipende kukaa kitako.”

Salha alirudi Kolo akiwaza jambo jingine kabisa. Ijumaa angekuja Bi Mwantum, shangazi yake Swedi, kijana aliyemposa Ikram, binti wa Salha. Bi Mwantum huchambua ukoo wa watu kama achambuavyo mchele, na posa za wapwa zake wengine alikwisha kuzivunja kwa sababu ndogo kuliko mfupa. Naye Ikram alimpenda Swedi kiasi cha kuunguza ugali kila akisikia baiskeli ikipita. Salha akaamua siri ile asiijue mtu, ila mama yake tu.

Hapo ndipo alipokosea. Bi Kuluthumu alikuwa amepinda mgongo, ulimi wake ulikuwa wima.

“Umerithi? Mimi nimekufa lini?”

“Mama, ni namna ya kusema tu.”

“Aliye hai harithiwi. Kamwambie daktari wako arudi chuoni.”

Ijumaa ikafika. Salha alificha plasta ndani ya khanga. Bi Mwantum aliketi mkekani na zawadi yake, redio kaseti mpya, maana mwaka ule biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Kondoa yalikuwa yamefurika vitu tulivyozoea kuvisikia kwa wasafiri. Aliiweka karibu na goti lake, si karibu na wenyeji.

“Shikamoo, Bi Mkubwa,” mgeni akamwamkia Bi Kuluthumu.

“Marahaba, mwanangu.”

“Salha, dada yangu, utaniwia radhi, ndiyo desturi. Kwenu kuna ugonjwa wa kurithi?”

“Hakuna,” Salha akasema, akiivuta khanga juu ya plasta.

“Neno lile tena!” Bi Kuluthumu akadakia. “Eti Salha amerithi mifupa yangu, nami niko hai nakula! Na kama ni mirathi kweli, mtoto wa kiume ana mafungu mawili. Mbona mwanangu Hashimu hajavunjika hata kidole?”

Salha aliposhtuka, khanga ikateleza na plasta ikaonekana. Aliona aibu, akamhurumia mwanawe zaidi ya nafsi yake.

Bi Mwantum akaitazama plasta, kisha ule mgongo.

“Bi Mkubwa, Mjerumani unamkumbuka?”

“Alipoondoka nilikuwa nachota maji kwa mtungi.”

“Na mgongo umepinda lini?”

“Juzijuzi, nilipokwisha kuwalea wajukuu. Kuni bado naokota mwenyewe.”

Bi Mwantum akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi.

“Kwetu wanawake wote migongo imenyooka. Mama alizikwa nao umenyooka, na dada zake vivyo hivyo, hakuna aliyeona mjukuu akitembea. Mie sivunji posa kwa sababu ya mgongo unaopinda uzeeni. Nipeni huyo binti apinde kwangu.”

Salha akalia kwa furaha bila kujificha, akaeleza yote aliyoambiwa na daktari. Bi Mwantum alisikiliza, akaivuta redio kaseti kwake. Salha akafa moyo.

“Hii nitairudisha dukani,” mgeni akasema. “Swedi ataleta ng'ombe anayekamuliwa.”

Ikram alikuja na kahawa. Bi Kuluthumu akamshika mkono, akaubinyabinya kama anayechagua muwa.

“Mifupa hii si mirathi, mjukuu wangu. Mtu aliye hai hutoa hiba, naye humpa ampendaye,” akasema. “Hashimu sikumpa.”