Kaa wa Mbele, Watu wa Ubavu

"...mbele, mama! Kaa wanatembea mbele, macho mbele, sawa watu wa kwenda misa!"

Honorine aliingia mu parseli ya kwao na beseni ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, ku kichwa. Aliingia kwa ubavu, bega la kuume kwanza, juu ni vile watu wote wa pale ku ziwa wanaingiaka. Mama yake, Bernardine, alikuwa anapepeta muchele.

"Weye ulikuwa haujaona?" akasema. "Tangu Pasaka. Weka beseni kwanza."

Mambo ilianza na maji. Ziwa ilipanda, ikameza barabara na nyumba za mbele. Kaa hawakulalamika. Wale wa mu mawe wakahamia ku madirisha ya nyumba zenye zilizama. Wale wadogo, wenye wanalalaka mu maganda ya konokono, wakachagua chupa za plastiki na makandambili. Kisha patroni mumoja, tajiri mwenye villa, akajenga ukuta juu maji isimufikie, akaachia watu wengine kanjia ka kwenda ku ziwa, ka kupita mutu mwembamba akishikilia pumzi. Mule ndani kaa akipita kwa ubavu, macho yake iko naangalia ukuta, na mguu ya mutu inamukuta hajui. Basi wakajifunza kutembea mbele, waone nani anakuja.

Watu, wao, hawakuwa na namna. Wakageuka ubavu, na kwa kuzoea wakabakia vile: ku soko, ku masomo, mu foleni ya komunyo. Watu wa Songo, mutaa wa jirani, waliwacheka juma moja, wakachoka. Mutu wa biro ya serikali alitumwa kuangalia ukuta. Akapita kwa ubavu, akasema njia inatosha kabisa, akarudia kwa ubavu. Mpaka leo akiitwa na mukubwa wake, anaingia akisalimia kabati.

Shida ya Honorine ilikuwa Jumamosi. Siku ile wakwe walikuwa wanatoka Luvungi, na kule nafasi iko, watu wanatembea vile walizaliwa. Binti anapaswa kuvuka uwanja na sinia ya Fanta, uso kwa wageni, kisha apige magoti mbele ya baba ya bwana harusi. Na mama Geneviève, shangazi ya Emery bwana harusi, alishavunja ndoa mbili juu ya mwendo tu.

"Ukienda na ubavu watasema tumewauzia kilema," mama akasema.

"Emery anajua, mama. Anasema ni sawa."

"Emery ni motari, wa kubeba watu na pikipiki. Anaangaliaka barabara tu."

"Basi minye nitajifunza kwa kaa."

Kila asubuhi Honorine alifuata kaa mumoja mukubwa, wa rangi ya chai, mu uwanja wa parseli. Kaa anatangulia, Honorine nyuma. Bega ikimuponyoka, kaa anasimama, anainua gando moja, anangojea. Hakuwa mwalimu wa huruma.

Jumamosi ilifika. Wakwe walikaa chini ya turubai ya shitingi. Upande wa ziwa, waashi wa patroni walikuwa wanaongeza safu ya matofali ku ukuta, upande wa njia, na njia ikazidi kuwa nyembamba. Kaa akatoka mu jikoni. Nyuma yake Honorine, na sinia, macho ku mugongo wa kaa. Akavuka uwanja wote pua mbele. Chupa hata moja haikulia. Akapiga magoti. Emery akapumua.

Mama Geneviève aliangalia miguu, akaangalia kaa.

"Mutoto anatembea vizuri. Na huyu wa mbele?"

"Ni musimamizi wake," Bernardine akajibu.

"Mbona hamumupatii naye Fanta?"

Wakamumiminia ku kasahani. Ndoa ikakubaliwa. Mama Geneviève, kwa furaha, akasema haiwezekani arudie Luvungi bila kunawa uso ku ziwa. Wakamuonyesha njia. Alikuwa mama wa kujaa. Akajaribu mbele, akakwama. Akageuza bega la kuume, akaingia.

Katikati ya njia telefoni yake ikalia. Ilikuwa bwana yake, papa Cyprien, anauliza kama binti anafaa.

"Anafaa sana," akasema, shavu ku tofali. "Ni minye sijui nitakufikia namna gani. Zingine nitakuambia kesho, papa Cyprien. Huku kuko kaa amesimama mbele yangu, anangoja nimupishe."