Fundi Ndani ya Stoo ya Majoho

Fundi cherehani aliingia stoo kwa miguu yake mwenyewe. Hakusukumwa na mtu.

Ilikuwa Jumapili mchana. Ibada ya watu wazima imekwisha, vijana wanaingia ukumbini wakikokota viti. Wiki iliyopita mchungaji alisema wazi: kundi la vijana halina mlezi tangu yule wa kwanza ahame, na kama Jumapili hii hatasimama mtu mbele yao akasema "niko nanyi," kundi linavunjwa. Kisha akamtazama fundi. Fundi akatikisa kichwa kukubali, maana kutikisa kichwa hakuhitaji sauti.

Na sauti ndiyo iliyokuwa shida yake. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alisimamishwa mbele ya kanisa aseme mstari mmoja tu wa Biblia. Alikuwa ameukariri mpaka anauota. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Watu wakacheka, wala si kwa ubaya, lakini kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, huu mwaka wa ishirini. Kwenye cherehani yake ni hodari wa maneno. Mteja hamalizi kupimwa kiuno kabla hajavunjwa mbavu. Mbele za watu, bubu.

Basi akapita mlango wa pembeni, akajichomeka kwenye stoo ya majoho ya kwaya, akaurudisha mlango. Akae humo mpaka vijana wachoke, watawanyike, yaishe.

Alichosahau ni Baba Komeo, mzee wa mlangoni. Jina hilo walimpa vijana. Tangu kuku wa jirani alipoingia stoo akataga juu ya majoho, mzee yule hapiti hapo bila kulisukuma komeo.

Kakaka! Chuma kikateleza kwa nje. Nyayo zikaenda zake.

Mwanzoni fundi alishukuru. Sasa hata angetaka, asingeweza kutoka. Lawama si yake. Lakini joto likaanza. Stoo ile haina dirisha. Mwanga unaingia juu tu, pale ukuta usipofika kwenye paa. Ukinyoosha mikono miwili, viganja vinagusa kuta. Majoho thelathini, yote kayashona yeye, yalining'inia kama watu wasio na vichwa, na bado alihisi yanamtazama. Harufu ya dawa ya nondo ikamjaa puani. Tepu ya kupimia, aliyosahau kuivua shingoni, ikaanza kumbana kama ina mikono.

Kutoka ukumbini sauti zikamfikia zote.

"Fundi yuko wapi?"

"Labda sindano imemmeza."

"Ameingia mitini huyo. Mtu mzima anaogopa, sembuse sisi?"

Wakacheka. Ikasikika sauti ya Kidoti, binti wa kaka yake: "Shangazi yangu atakuja. Alisema atakuja."

"Alisema, au alitikisa kichwa?"

Swali lile lilimuuma fundi kuliko kicheko.

"Haya, wanangu," Baba Komeo akasema, "imbeni wimbo mmoja. Ukiisha, nafunga ukumbi."

Moyo wa fundi ukaruka. Stoo haifunguliwi tena mpaka Alhamisi, siku ya mazoezi ya kwaya! Akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Kupiga kelele? Wote watajua. Wimbo ukaanza, naye akaanza kuomba: "Bwana, nitoe humu mtu asijue." Ubeti wa kwanza akaomba hivyo. Wa pili, vilevile. Wa tatu akajisikia aibu, maana sala hiyo aliijua sana. Miaka yote ishirini ndiyo aliyokuwa akiomba: nitoe, nifiche, nipitishe pembeni. Hajawahi hata siku moja kumkaribisha Bwana pale alipo.

"Basi usiponitoa," akasema polepole, "kaa nami humu humu."

Wimbo ukaisha. Funguo zikalia.

Akaupiga mlango kwa kiganja. "Niko hapa!" Sauti ikatoka nyembamba kama uzi. Akavuta pumzi pamoja na harufu ya dawa ya nondo. "Niko hapa! Stoo!"

Komeo likateleza. Mbele yake wamejaa vijana, na Baba Komeo kashika kichwa.

"Ala! Binti yangu, nimekufungia! Nisamehe, mwanangu. Kumbe ulikuja kuchukua majoho."

"Pole, dada fundi!" vijana wakaitikia.

Kisingizio kilikuwa kimeshashonwa, kimepigwa pasi, kimebaki kuvaliwa. Kidoti alikuwa anamtazama, uso umeng'aa kwa kumwamini. Fundi akamgeukia mzee.

"Hapana, mzee. Komeo ni lako, lakini kuingia niliingia mwenyewe. Nilijificha. Niliwaogopa hawa."

Akangoja kicheko, nacho kikaja.

"Hawa?" akasema mpiga ngoma, akimnyooshea mwenzake kidole. "Dada, huyu mwenyewe anaogopa mende!"

Wakaangua kicheko, na fundi akajikuta anacheka nao. Safari hii mwiba haukuingia.

Kisha msichana mmoja wa nyuma, asiyesemaga kitu, akasema, "Mimi Jumapili ile ya zamu yangu ya kuomba, nilikaa chooni mpaka mkasema amina."

"Kumbe! Sisi tukadhani tumbo."

"Tumbo lilikuwa zima."

Fundi akatembea mpaka mbele, nywele zina nyuzi za majoho. Akashika ncha mbili za tepu.

"Niko nanyi," akasema. "Hofu ninayo bado, nimekuja nayo. Lakini na Bwana nimekuja naye. Kaeni."

Wakakaa. Kidoti akavuta kiti cha mbele kabisa.

Kule pembeni Baba Komeo alikuwa ameshalishika komeo lake. Akasita. Akaufungua tena mlango, akaingiza kichwa gizani.

"Kuna mwingine humu?"